Maswali ya wasomaji: Hadubini ya bei nafuu

Natafuta hadubini ya kwanza, ya kuangalia maji ya dimbwi na seli za mimea. Nimeona mbili: moja imeandikwa inakuza mara 2000, nyingine mara 400 tu, na hiyo ya 400 ndiyo ghali. Kwa nini?

Kwa sababu kukuza na kuonyesha ni mambo mawili. Ukali wa taswira unatoka kwenye lenzi ya chini, ile inayoikaribia slaidi. Soma maandishi ubavuni mwake. Utakuta kitu kama 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Hiyo 40 ni mara inazokuza; ukizidisha kwa 10 ya lenzi ya jicho (ile unayochungulia), unapata 400. Unacholipia hasa ni 0.65, namba inayoeleza lenzi inapokea miale ya sampuli kwa upana gani. Kwa mwanga wa kijani, lenzi ya 0.65 hutenganisha nukta mbili zilizoachana kama nusu mikromita. Zikikaribiana zaidi ya hapo zitaonekana kitu kimoja, ukuze utakavyo.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha namba hiyo ya pili kwa 1000, upate kikomo cha ukuzaji wenye faida. Lenzi ya 0.65 inaishia 650; lenzi ya 100/1.25 inaishia 1250. Hiyo 2000 kwa kawaida hupatikana kwa kupachika lenzi ya jicho ya 20 juu ya lenzi ya 100. Taswira inavimba, lakini hakuna jipya unaloliona ndani yake. Na kama lenzi haina namba ya pili kabisa, iache dukani.

Ile 160 ni urefu wa mrija kwa milimita, na 0.17 ni unene wa kioo kifuniko (kioo chembamba kinachowekwa juu ya sampuli) ambao lenzi ilitengenezewa, nao kwa milimita. Lenzi za 160 kwa kawaida zina uzi wa skrubu wa aina moja, kwa hiyo moja ikiharibika unaweza kufunga ya kiwanda kingine. Usizichanganye na zile zenye alama ya ∞, ambazo ni za mfumo mwingine.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalitaji, ni kondensa: lenzi iliyo chini ya jukwaa, pale slaidi inapolala. Tafuta iliyoandikwa 1.25, yenye diaframu, yaani tundu la kupitishia mwanga, inayofungwa na kufunguliwa kwa kijiti. Wadudu wa dimbwi wengi ni angavu kama maji yenyewe, na diaframu ikiwa wazi yote wanapotea kwenye mwanga. Chomoa lenzi ya jicho, chungulia mrijani, kisha funga diaframu mpaka duara la mwanga libaki kama robo tatu. Rudisha lenzi, utaona kingo za seli zimejichora. Hadubini zenye sahani ya matundu matano badala ya diaframu zinatosha kwa lenzi ya 4 na ya 10. Kwenye 40 zinakwama.

Kwa kazi yako chukua lenzi za 4, 10 na 40, jukwaa lenye skrubu za kusogeza slaidi, na taa ya LED inayopunguzwa mwanga. Lenzi ya 100 inahitaji tone la mafuta maalumu kati yake na slaidi. Kama huna mpango wa kutazama bakteria, fedha hiyo itumie kwenye kondensa.

Kwenye lenzi ya 10 naona vizuri. Nikigeuza kwenda 40, ni ukungu mtupu. Je, lenzi imekufa?

Huenda ni nzima. Kwanza angalia kama slaidi imepinduka, kioo kifuniko kikiwa chini. Slaidi ina unene wa kama milimita 1, na lenzi ya 40 inafokasi ikiwa karibu zaidi ya hapo, kwa hiyo itagusa kioo kabla haijaifikia sampuli. Lenzi ya 10 ina nafasi ya kutosha, ndiyo maana haikulalamika.

Kama slaidi iko sawa, fungua lenzi ya 40 uitazame uso kwa kutumia lenzi ya jicho uliyoigeuza kichwa chini. Inafanya kazi ya kioo cha kukuzia. Ukiona utando wenye rangirangi, ni mafuta yaliyokauka, kosa la kawaida la kupitisha lenzi ya 40 kwenye slaidi yenye mafuta ya 100. Puliza vumbi kwa mpira wa kupulizia, kisha futa kwa karatasi ya lenzi yenye tone dogo la alkoholi ya isopropili, ukianzia katikati kwenda nje. Usiiloweke: alkoholi inalainisha gundi inayoshika vioo. Shati lako liache mwilini.

Kisha chunguza maji. Tone likizidi, kioo kifuniko kinaelea na sampuli inakaa chini sana. Nyonya ukingoni kwa kipande cha karatasi.

Nimepewa nafasi ya kununua hadubini iliyotumika maabara. Nipime nini?

Elekeza tochi ndani ya kila lenzi. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Imo ndani na haifutiki, achana nayo. Kisha fokasi kwa lenzi ya 40 usubiri dakika 5. Taswira ikipotea yenyewe, jukwaa linashuka kwa uzito wake. Hilo si la kukukimbiza: aina nyingi zina pete ya kukaza kando ya skrubu kubwa ya kufokasi. Skrubu ndogo ya kufokasi ikizunguka bila kubadili kitu, meno yamelika, na vipuri vyake ni shida kupatikana.

Je, hadubini hiyohiyo itafaa kulehemu saketi za simu?

Hapana. Kwa kulehemu chukua ya stereo, ya kukuza mara 10 hadi 40, yenye nafasi ya kama sentimita 10 chini ya lenzi ili mkono na chuma cha kulehemu vipite.