Printa ya kusafishia picha, na huo wino wa lita

Swali: Nina steshenari Mafinga na nataka kuanza kusafisha picha za paspoti na za harusi. Fundi mmoja ananishauri ninunue leza ya rangi kwa sababu wino wake haukauki. Mwingine anasema Epson L3250 inatosha, nijaze tu wino wa picha unaouzwa kwa lita. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, waache wote wawili. Leza huyeyusha unga wa rangi kwa moto. Ukiipa karatasi ya kung'aa ya printa ya wino, utando wa juu unayeyuka na kunata ndani. Leza ni ya barua na fomu.

L3250 si mbaya. Ina rangi nne, na paspoti inazitoa vizuri. Harusi ndiyo inayoiumbua: mng'ao wa paji la uso au mikunjo ya shela inaiunda kwa vitone vilivyoachana, ukisogeza picha karibu unaviona. L8050, nayo ya Epson, ina rangi sita, yaani imeongezewa bluu hafifu na waridi hafifu, kwa hiyo vitone vinajificha. Mfuko ukiruhusu, chukua hiyo.

Sasa huo wino wa lita. "Wino ni wino" ndiyo kauli inayojaza meza za mafundi kuanzia Mafinga hadi Mwanjelwa. Chupa imeandikwa wino wa picha, kumbe ndani ni wa kuhamishia picha kwenye vikombe na fulana, ambao rangi yake hukolea baada ya kukandamizwa kwa joto la karibu nyuzi 200. Kwenye karatasi ya picha unapauka, bibi harusi anatoka kama kapakwa majivu. Au ni wino wa chembechembe, yaani rangi yake ni unga usioyeyuka, ambao kwenye karatasi nyingi za bei rahisi unabaki juu juu. Subiri dakika kumi, pitisha kidole, uone. Printa hizi mbili zimetengenezewa wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa.

Kisha michirizi inaanza. Mtu anabonyeza kusafisha kichwa, ile sehemu yenye matundu ya kurushia wino, mara kumi mfululizo, na kila mara wino unamwagwa kwenye sponji ya ndani. Hesabu ya sponji ikifika mwisho, printa inagoma. Hapo anatokea bingwa wa kuriseti na flashi yake: anafuta hesabu, sponji haigusi, analipwa, anaondoka. Baadaye wino unavuja mezani, na bingwa hapokei simu. Wengine wanasukuma spiriti kwa sindano kwenye kichwa. Huo nao wanauita ufundi!

Michirizi ikitokea, chapisha ukurasa wa kupima matundu, safisha kichwa mara zisizozidi tatu, kisha iache saa 12 bila kuchapisha kitu. Zima kwa kitufe chake, usichomoe ukutani, maana kitufe ndicho kinachorudisha kichwa kwenye kifuniko. Kwa vumbi la mbao la Mafinga, matundu hayafai kulala wazi. Kila wiki chapisha ukurasa mmoja wa rangi hata kama wateja hawapo. Na kwenye kompyuta chagua aina ya karatasi uliyoweka. Ukiacha "karatasi ya kawaida", hata L8050 yenye wino wake halisi itakutolea picha iliyofifia.