Shangazi wa Pwani Anajibu: Ada ya usafi, itengwe au iingie kwenye bei?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na mke wangu tuna fuleti ya vyumba viwili hapa Bamburi, tunaikodisha kwa siku, na wageni wetu wengi hutoka Nairobi. Bei ni shilingi 5,000 kwa usiku. Juu yake tunatoza ada ya usafi 1,500, mgeni alale usiku mmoja au kumi. Juzi mgeni wa usiku mmoja alituandikia kwamba ada hiyo ni wizi, na maneno yake yanasomwa na kila anayefungua tangazo letu. Mke wangu asema tukiiondoa tutakula hasara. Mimi naona inatufukuzia watu. Tufanye nini?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Marahaba mwanangu. Iingizeni kwenye bei. Mkeo ana haki ya kuogopa hasara, kwa hiyo nitaanza na hesabu yake, kisha niseme linaloniuma mimi.

Fungueni daftari la mwaka mzima. Jumlisheni siku zote nyumba ilipolaliwa, mgawanye kwa idadi ya wageni waliopita. Tuseme kwa wastani kila mgeni hulala siku 3. Basi ile 1,500 ni 500 kwa usiku, na bei yenu mpya ni 5,500. Mgeni wa usiku mmoja, aliyekuwa akilipa 6,500, sasa atalipa 5,500, na hapo mmepoteza 1,000. Wa siku 5 alikuwa akilipa 26,500, sasa atalipa 27,500, na ile 1,000 imerudi. Wa wiki nzima atafika 38,500 badala ya 36,500. Huyo msimwonee, mpeni punguzo la asilimia 5, atalipa 36,575, karibu sawa na zamani, tena ataondoka akijua amepunguziwa. Wanaowatia hasara kweli ni wa usiku mmoja, na dawa yao ipo: Ijumaa na Jumamosi wekeni sharti la kulala siku 2. Kama hamlitaki sharti hilo, usiku mmoja uwe 6,500, bei moja iliyoandikwa wazi tangu mwanzo.

Wapo wanaoitenga ada ili bei ya usiku ionekane ndogo. Njia hiyo imezibwa. Tangu Aprili 2025 Airbnb, mtandao wa kutangaza nyumba za wageni, inawaonyesha wageni wa kila nchi bei kamili, ada zikiwa ndani, kabla ya kodi. Marekani mwaka huohuo ilianza kutumia kanuni inayowataka wenye malazi ya muda mfupi watangaze bei yote mwanzoni. Na wao wenye mtandao hukata fungu lao kwenye jumla, ada ya usafi ikiwemo, kwa hiyo msidhani 1,500 inawafikia ilivyo.

Sasa linaloniuma. Kabla sijaanza kuwasimamia watu nyumba zao nilitandika vitanda hotelini, Shanzu, miaka mingi. Sikuona hata siku moja mgeni akiandikiwa kwenye bili yake kwamba hii ni ya chumba na hii ni ya aliyekisafisha. Chumba safi ndicho alichonunua. Nasi mshahara wetu haukungoja mgeni akubali.

Kwenye fuleti mambo ni mengine. Wengi wa wageni wenu, nina hakika, huja kwa WhatsApp na kulipa kwa M-Pesa. Mgeni akiona 5,000 na 1,500, atashika ipi ya kuombea punguzo? Atasema, "Hiyo ya usafi nitolee, mimi ni mtu msafi, silali ila usiku mmoja." Mwenye nyumba, kwa kuogopa kumkosa, atakubali. Kisha atampigia simu dada wa usafi amwambie leo kuna 400 tu. Nimeliona jambo hili katika nyumba nyingi, na kila mara anayelipia punguzo ni yule ambaye hakuwepo kwenye maongezi.

Na kazi yake haikupungua. Mgeni hutoka saa nne asubuhi, mwingine huingia saa nane. Ndani ya saa hizo nne ana mchanga wa ufuoni uliojaa kwenye tundu la bafu. Ana shuka zenye mafuta ya kujipaka, ambayo hayatoki kirahisi. Ana foronya yenye alama ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, kwa sababu wageni hupakwa ufuoni jioni, wakalala haijakauka. Maji ya kisima huku kwetu yana chumvi, mabomba huota ukoko mweupe na lazima yasuguliwe kwa siki au ndimu. Ukifua shuka nyeupe kwa maji hayo hukakamaa na kufubaa, ndiyo maana hununua maji matamu ya mkokoteni au hupeleka dobi. Mtu wa usiku mmoja huacha kazi ileile anayoiacha wa siku tano.

Kwa hiyo nawaomba, mkishaingiza ada kwenye bei, mkae na dada huyo mpatane malipo ya kila usafi, yasiyotikisika mgeni awe nani. Ile 1,500 mmeigawa vipi? Katika nyumba ninazosimamia mimi, za ukubwa kama wa fuleti yenu, 700 ni yake, 500 ya dobi, 300 ya sabuni, maji na nauli. Kama mgeni anaambiwa 1,500 ya usafi na msafishaji anapata 500, hapo yule aliyewaandikia ana hoja, ingawa neno wizi ni kali. Na mgeni akivunja safari asubuhi dada akiwa tayari yumo kwenye matatu, mlipeni.

Sisemi ada ya peke yake ni haramu kila mahali. Nyumba kubwa ya ufuoni, kama zile za Watamu na Diani, inayochukua ukoo mzima wa watu 12, usafi wake ni wa watu watatu kutwa nzima. Familia huchanga, na huelewa ikiambiwa mapema. Fuleti ya vyumba viwili haijafika huko.

Uchafu wa kupita kiasi nao ni jambo lake. Godoro likilowa pombe au ukuta ukichorwa, piga picha kabla dada hajagusa kitu. Aliyekuja kupitia Airbnb mdai hukohuko ndani ya siku 14 tangu atoke. Aliyekuja kwa simu, mkate kwenye amana aliyoiweka.

SWALI: Shangazi, nina banda la wageni Kilifi. Je, ni vibaya kumwomba mgeni atoe shuka, aoshe vyombo na apige deki kabla ya kuondoka?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Deki usimwombe, amelipa. Shuka ziache kitandani, dada wa usafi aone doa liko wapi kabla halijakauka. Mgeni akizikunja zote pamoja, doa moja huwa matatu. Vyombo asuuze tu, wasije sisimizi. Mwombe atoe samaki kwenye friji, azime kiyoyozi na afunge mtungi wa gesi. Hilo la gesi libandike juu ya jiko kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kiingereza.