Fofofo ni Stesheni ya Ngapi Kutoka Tabora?

"Mwakeye dada. Hongera kwa ushindi. Naomba kuuliza, mawazo ya hadithi unayatoa wapi? Mimi nikishika kalamu tu kichwa kinakuwa cheupe pee."

Ujumbe huu umetoka kwa kijana wa Kasulu. Asante, mdogo wangu. Ushindi wenyewe ni nafasi ya pili kwenye mashindano ya hadithi, lakini hongera huwa sirudishi. Swali lako nimeulizwa na wengi tangu matokeo yatoke. Hata fundi cherehani wangu hapa Mwanga, Kigoma, aliniuliza huku amebana pini mdomoni, na wote nimewajibu "Mungu tu" ili niwahi ninakokwenda. Wewe nitakujibu vizuri, kwa sababu jibu umelituma mwenyewe na hukuliona. Limekaa mwisho kabisa wa ujumbe wako: pee.

Hebu litazame hilo pee. Lina kazi gani nyingine duniani zaidi ya kusindikiza weupe? Halina. Tititi liko na weusi. Chepechepe linamfuata aliyelowa, chakari linamfuata mlevi. Ni maneno ya ndoa ya mke mmoja. Hujawahi kusikia mtu kalowa chakari. Shuleni tuliambiwa haya ni tanakali za sauti, tukapewa mifano ya kukariri, mtihani ukapita, wenzangu wakayaacha pale pale darasani. Mimi nilitoka nayo. Na niseme wazi, maana naona watu wanazungukazunguka: hadithi iliyonipa ile nafasi ya pili ilitoka kwenye neno moja la namna hii, basi. Haikutoka kwenye semina, wala kwenye kitabu cha mbinu za uandishi.

Neno lenyewe ni fofofo.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapanda treni ya usiku kutoka Tabora kuja Kigoma, daraja la tatu, mama, mimi na kaka yangu. Abiria akimuuliza mama kama yule mtoto wa kiume asogezwe kidogo, mama anajibu, "Mwache huyo, kashalala fofofo." Sasa sikiliza kwa masikio ya mtoto. Juzi yake nilisikia mjomba alilala Urambo. Shangazi naye alilala Kaliua kwa sababu treni iliharibika. Kwa hiyo kaka kalala Fofofo. Ni mahali! Nikabandika uso dirishani kuisubiri. Urambo ikapita, Kaliua ikapita, Nguruka wakaja watu na samaki wakavu, Uvinza wakaja na chumvi, Fofofo haijafika. Na kaka yangu kichwa kiko mapajani mwangu, mate yananilowesha gauni, lakini yeye ameshafika. Wivu nilioupata usiku ule sijawahi kuupata tena, hata siku walipotangaza nafasi ya kwanza.

Halafu akafariki mzee jirani yetu, nikawasikia watu wazima uani wakisema, "Kafa fofofo, hata hakugeuka." Kumbe stesheni ni hiyo hiyo! Kuna wanaoshuka pale na kupanda tena alfajiri, na kuna wanaoshuka na mizigo yao yote. Mtoto akishapata habari kama hiyo, kuna usingizi tena?

Hadithi ilikaa humo miaka yote. Nilipoiandika nilichofanya ni kuuliza maswali ya kipumbavu na kuyajibu kwa adabu. Nani stesheni masta wa Fofofo? Anavaa sare? Mama lishe wa pale wanauza nini kwa watu waliolala? (Chai haiwezekani. Nilihangaika sana na hiyo chai.) Daftari la abiria lina safu ngapi? Mbili: wanaorudi na wasiorudi. Nani anatamani kufika na hawezi? Gadi wa treni asiyepata usingizi, ambaye kila usiku anaona behewa zima linashuka, na yeye akichungulia nje anaona pori la miombo na giza. Hapo hadithi ikaanza kujiendesha, mimi nikawa naifuata tu.

Sasa ngoja nikwambie yaliyotangulia, maana hongera hizi mnaziona zimekuja juzi tu. Hadithi hiyo hiyo niliwahi kuipeleka kwa mhariri mmoja wa mjini, mtu mwenye jina lake na miwani yake. Ilirudi na wino mwekundu. Pembeni pa ukurasa wa kwanza aliandika: "Stesheni hii haipo kwenye Reli ya Kati. Rekebisha." Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote ya mapenzi. Rekebisha! Yaani nimpeleke gadi wangu Kazuramimba, ambako kila mtu anafika kwa nauli.

Na hakuishia hapo. Kuna mahali niliandika kwamba mikono ya gadi ilikuwa na shombo, kwa sababu mkewe anauza dagaa na yeye humsaidia kuanika. Mhariri kakata "shombo" kaweka "harufu ya samaki". Ndugu zangu, nimezaliwa kandokando ya ziwa hili la Tanganyika, nisikilizeni. Harufu ya samaki iko jikoni, unaipenda, inakuita ukale. Shombo ni ile inayobaki ukishanawa kwa sabuni na ndimu. Iko kwenye noti ya elfu mbili uliyorudishiwa chenji, imeingia kwenye mkunjo wa noti, na ukiiweka kwenye pochi inahamia kwenye kitambulisho. Mtu mwenye shombo mikononi tayari ana mke, ana kazi ya alfajiri, ana aibu kidogo akipeana mkono na wakubwa. Yote hayo yamo katika neno moja, na neno lenyewe limo kwenye kamusi, alichotakiwa ni kuifungua tu. Nilirudisha shombo yangu. Nikairudisha na Fofofo. Nikaipeleka kwingine vile vile ilivyokuwa, na kwingine wakaisoma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze na kisa, anza na neno. Chagua neno linalokuchekesha hata ukiwa peke yako, liulize maswali. Mimi nina mengi. Nalipenda kiherehere, kwa sababu huwezi kulitamka ukiwa umetulia. Napenda bumbuwazi, neno lenye mdomo wazi. Kuchechemea linachechemea lenyewe, jaribu kulisema haraka. Mbwembwe nalipenda lakini silitumii ovyo, watu wa siasa wamelichosha.

Wa pili ni nenda penye watu. Maneno hayaishi kwenye simu. Mimi hushuka Kibirizi, pale mwaloni kwa wavuvi, naagiza chai na chapati, nakaa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, kutoka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, wengi walilia njaa na walikuwa na haki. Lakini kwa mtu wa kazi yangu, wavuvi waliokaa bila kazi kivulini ni hazina, Mungu anisamehe. Pale ndipo niliposikia jambo lililonipindua kichwa. Mzee mmoja alikuwa anahesabu siku, akasema kwa hamu kabisa, "Giza likirudi, tutapumua." Giza! Maana dagaa huvuliwa usiku kwa kuwawashia taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako. Usiku wa mbalamwezi mvuvi analala nyumbani na mfuko mtupu.

Sasa fikiria washairi wetu wote wanaomwita mpenzi mbalamwezi. Nenda Kibirizi ukamwite mke wa mvuvi hivyo. Nilitoka pale na msichana kichwani: jina lake Mbalamwezi, mzuri wa kutisha, na kila nyumba anayoingia jiko linazimika. Hiyo bado naiandika. Msiniibie.

Wa tatu unafanana na wa kwanza, lakini nitausema tena kwa sababu hamsikii. Neno likishakupata, lipeleke mahali ambapo kila mtu anadhani anapajua. Mtu akisikia mimi ni mwandishi na niko Kigoma, swali ni moja: umeandika habari za Livingstone na Stanley? Walikutana Ujiji mwaka 1871, tunajua, kuna makumbusho, kuna miembe, wageni wanapiga picha. Wazungu wawili wanavuliana kofia, hapo hadithi iko wapi? Mimi nilichukua kiherehere nikaenda nacho nyuma ya nyumba. Stanley mwenyewe amemtaja Halima, mpishi wa Livingstone, na ukisoma anavyomwelezea siku ile utaona mama alikuwa hatulii. Mgeni kaja na msafara, bendera, bunduki zinalia, na jikoni kuna nini? Susi, mtumishi wa Livingstone, ameshakimbia mbele kumsalimia mgeni kwa Kiingereza, sifa kachukua yeye. Halima kabaki na sufuria. Hapo ndipo ninapotaka kusimama mimi, moshi ukiniingia machoni, na wale wawili waendelee kuvuliana kofia huko barazani.

Au ichukue meli yetu ya Liemba. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba ilitengenezwa Ujerumani, ikafumuliwa, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915, na mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mimi hapo nimeng'ang'ania neno moja tu, grisi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene ili maji yasiile. Fikiria mtu anayepaka grisi kitu anachokwenda kukizamisha mwenyewe. Anapaka taratibu au kwa hasira? Anazungumza nacho? Ukinijibu hilo una hadithi, na huna haja ya kuelezea vita nzima.

Kuhusu kuandika upya, kutafuta mchapishaji, kusubiri majibu, sitasema kitu. Ni kazi kama kazi nyingine.

Lakini hili nitalisema, na atakayenuna anune. Vijana wetu mmekuwa wavivu wa masikio. Mnataka kuitwa waandishi, mnataka tuzo, mnajua taarifa za mashindano kabla yangu, lakini ukifungua hadithi zenu, kila anayelia machozi "yalimtiririka", kila msichana "alikuwa mrembo kupindukia", kila usiku "ulikuwa wa kiza kinene". Maneno hayo hamkuyasikia popote, mmeyakuta yamelala kwenye hadithi za wenzenu mkayabeba. Bibi yako akikasirika husema nini? Konda akigombana na abiria hapo Mwandiga anamwitaje? Msiniambie lugha ya Kigoma si nzuri, Kiha kinaingia, watu wa pwani watatucheka. Wacheke. Mtu anayeandika huku anawaza nani atamcheka hawezi kufika Fofofo, atashuka Kaliua na kurudi kwao. Mwenyezi Mungu kakupa masikio mawili na shangazi saba, wewe unakwenda kuazima maneno!

Basi, nimefoka, turudi kwako mdogo wangu wa Kasulu.

Ile hadithi uliyoniambatishia nimeianza. Inafunguka New York, kuna theluji, kuna mpelelezi mwenye koti refu. Sikuwahi kuiona theluji, na nadhani wewe pia, kwa sababu umeandika kwamba inaanguka "chubwi", na chubwi ni jiwe linaloingia majini. Nilikaribia kufunga. Ila kwenye ukurasa wa tatu mpelelezi anapiga simu nyumbani, na mama yake, ambaye sijui amefikaje huko, anamwambia, "Usinichachafye, nina unga motoni." Hapo nikakaa sawa. Mama huyo hakutoka New York. Nataka kujua ni nani, unga ni wa muhogo au wa mahindi, na nani mwingine alikuwa kamchachafya tangu asubuhi hadi akamkatia mwanawe simu. Mpelelezi mwondoe, au mrudishe Kasulu na koti lake, baridi ya kulivalia ipo.

Kurasa zilizobaki nitazisoma Jumapili, umeme ukiwepo.