Apophis haifai kuwa Pakanga

Mkuu, umeuliza kama Apophis, lile jiwe la angani (asteroidi), inaweza kuwa nyota Pakanga ya Ufunuo 8:10-11, ile inayoangukia theluthi ya mito na kutia maji uchungu, kwenye riwaya yako. Haiwezi. Aprili 13, 2029 itapita kilomita 32,000 hivi juu yetu bila kugusa. Msomaji ataguglia, akucheke. Tena upana wake ni mita 340 tu, theluthi ya mito utaipata wapi?

Buni kometi ya kilomita 5 hadi 10, igunduliwe miezi michache kabla. Iangukie miamba yenye salfa nyingi, kama ilivyokuwa Chicxulub, Meksiko, lilikoanguka jiwe lililoangamiza dinosaria, mvua ishuke na asidi. Ila asidi ni kali kama ndimu, wakati andiko linasema maji yalitiwa uchungu. Basi asidi ya salfa iyeyushe miamba yenye magnesi: inazaa chumvi ya haluli, ambayo ni chungu. Mhusika akionja, ateme.