Kusafisha rimu na tairi: asidi hiyo iache dukani

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Rimu zako nyeusi zimeota vidoa vya kahawia visivyotoka kwa sabuni, na tairi zinarudi kuwa kahawia siku chache tu baada ya kupakwa dawa ya kung'arisha. Kuna mdau hapo juu kakushauri utafute asidi "imalize kazi". Nimeosha magari ya watu kwa muda mrefu kabla ya kuhamia shughuli nyingine, na rimu nyingi mbovu zilizopita mikononi mwangu ziliharibiwa na dawa ya kusafishia kuliko uchafu wenyewe. Kwa hiyo asidi hiyo usiinunue.

Vile vidoa ni vumbi la breki. Kila ukikanyaga breki, pedi na diski zinasagana, na diski za magari mengi ni za chuma. Chembe zinaruka zikiwa za moto, zinajibandika kwenye rimu, kisha zinapata unyevu na kushika kutu palepale zilipokwama. Ndiyo maana rimu za mbele kwa kawaida huchafuka kuliko za nyuma: breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Sabuni inaondoa vumbi lililokaa juu. Chembe iliyokwisha kujichimbia haiigusi, na ukiongeza nguvu ya kusugua unachana rangi huku chembe ikikutazama.

Kabla hujashika dawa yoyote, jua rimu yako imevaa nini. Rimu nyingi za aloi zina rangi, na juu yake tabaka jembamba lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Nyingine ni alumini tupu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, nyingine zina kromu, nyingine ni nyeusi isiyong'aa. Kama huna uhakika kati ya klia na alumini tupu, chukua kitambaa cheupe, weka tone la polishi ya chuma, sugua sehemu ndogo iliyojificha. Kitambaa kikigeuka cheusi, unasugua alumini yenyewe. Kikibaki safi au kikishika uchafu kidogo tu, kuna klia. Jaribio hilo usilifanye kwenye rimu isiyong'aa, utaiachia kidoa cha kung'aa ambacho hakiondoki.

Sasa hiyo asidi. Dawa kali za rimu huwa na asidi ya fosforiki, na zile kali zaidi hutumia asidi ya haidrofloriki au chumvi zake. Zinafanya kazi haraka kweli, wala sibishi. Lakini zikikauka kwenye klia zinaacha ukungu, na zikipata mkwaruzo zinapenya mpaka kwenye chuma. Mteja mmoja aliniletea rimu za alumini tupu zilizokuwa zinang'aa kama kioo. Alikotoka walizipulizia asidi wakaenda kuhudumia gari lingine. Zilikuwa na mawingu ya kijivu ambayo hayakutoka mpaka zikasuguliwa upya kwa msasa na polishi. Dawa kali za upande wa pili, yaani za alkali zenye kostiki, nazo zinaila alumini tupu vilevile. Na mwili wako je? Haidrofloriki hupenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa kuja wakati madhara yameshaanza ndani. Halafu kuna wanaochanganya asidi na dawa ya klorini ya kufulia: hapo unatengeneza gesi ya sumu.

Unachohitaji ni dawa ya kuyeyusha chuma isiyo na asidi kali, yenye pH ya karibu na 7, yaani si asidi wala alkali. Utaitambua kwa mambo mawili: inageuka zambarau ikikutana na chembe za chuma, na inanuka vibaya mno. Kiungo chake kikuu ni thioglaikoleti, ndugu wa kemikali zinazotumika saluni kutia nywele mawimbi, kwa hiyo harufu hiyo si dalili kwamba umeuziwa iliyooza. Fanya kivulini, rimu zikiwa za baridi. Ukitoka safarini subiri, kwa sababu kwenye rimu ya moto dawa inakauka kabla haijafanya kazi, na maji ya baridi kwenye diski iliyochemka si ya kuyazoea.

Shughulika na gurudumu moja mpaka liishe ndipo uende jingine. Suuza kwanza mchanga wote utoke, pulizia dawa, iache dakika chache kama chupa inavyoelekeza, isikauke. Pitisha brashi laini, ingia mpaka nyuma ya mikono ya rimu na kwenye matundu ya nati, suuza kwa maji mengi. Vidoa vikibaki, rudia. Kurudia mara mbili kwa dawa ya upole hakuumizi klia kama kusugua mara moja kwa waya wa sufuria. Ndoo na sponji za magurudumu zisiguse bodi kamwe, maana zile chembe za chuma ni msasa tosha. Mashine ya presha itumie, ila usiisogeze karibu sana na ubavu wa tairi wala kwenye klia iliyoanza kubanduka.

Wenye rimu ambazo uso wake umekatwa kwa mashine, zile zenye mistari myembamba ya duara inayometa, muwe makini kuliko wote. Jiwe au ukingo wa barabara ukitoboa klia, maji yanatambaa chini yake na kuacha nyuzi nyeupe kama minyoo. Hakuna dawa ya kupaka itakayoziondoa. Lazima rimu ikatwe upya, na kila ikikatwa inapoteza chuma, kwa hiyo huwezi kuirudisha kwenye mashine kila mwaka.

Kwenye tairi, ule ukahawia kwa sehemu kubwa ni tairi lenyewe. Watengenezaji huchanganya ndani ya mpira kemikali za kuukinga na ozoni, maarufu ikiwa 6PPD. Zinasogea polepole kuja juu, zinakutana na hewa, zinageuka kahawia. Ni kinga inayofanya kazi yake. Shida ni kwamba watu wanapaka dawa ya kung'arisha juu ya ukahawia huo na mabaki ya dawa ya zamani, ndiyo maana kwako unarudi upesi. Sugua tairi kwa brashi ngumu ya nailoni na sabuni ya tairi mpaka povu litoke jeupe. Mimi huanza na tairi kabla ya rimu, ili tope lake lisije kurukia rimu ambayo nimeshaisafisha.

Likikauka kabisa, paka dawa yenye asili ya maji, kidogo, kwa sponji. Zile zenye mafuta ya petroli ndani yake zinang'aa zaidi siku ya kwanza, ila zikitumiwa mara kwa mara zinaweza kuondoa kinga niliyoitaja na kuukausha mpira. Dizeli, mafuta ya taa na oili chafu sitaki hata kuvijadili. Vinavimbisha na kulainisha mpira. Baada ya dakika kumi hivi futa ziada kwa kitambaa, la sivyo ukiondoka itachora michirizi mlangoni. Kwenye kashata, yaani sehemu ya tairi inayogusa barabara, usipake hata tone, na kwenye pikipiki usipake kabisa.

Kulinda rimu: nta ya kawaida ya karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu za selsiasi, na joto la breki haliiachi ikae. Tafuta kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya rimu, au seramiki, kinga ya kupaka inayokauka kuwa tabaka gumu, kama mfuko unaruhusu. Kazi nzuri ni ile ya kuvua magurudumu, kusafisha mpaka ndani, kufuta grisi kwa spiriti, ndipo upake. Wakati wa kurudisha, nati zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande na kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Kwa rimu yako nyeusi, kama haing'ai, kaa mbali na polishi na nta zote. Chagua kinga iliyoandikwa kuwa ni ya rangi isiyong'aa.

Ukimaliza kuosha, endesha kidogo ukikanyaga breki taratibu zikauke. Ule utando wa rangi ya chungwa kwenye diski ni kutu ya juujuu, unaisha kwa breki za kwanza. Kuosha jioni, kuvuta hendibreki na kuliacha gari siku kadhaa ndiko kunakogandisha pedi.

Weka picha ya karibu ya hivyo vidoa, iliyopigwa mchana. Kama vimeinuka na kufanya malengelenge, kutu au oksidi imeshaingia chini ya klia na hapo unahitaji fundi wa rangi, dawa ya kuyeyusha chuma itakumalizia pesa bure.