Kabla hujaamini grafu, kakae kwenye hadubini: kwa mnaotaka PhD ya lipidi

Mwezi huu nimepata meseji nyingi toka kwa vijana waliomaliza uhandisi kemikali, na karibu wote wanauliza kitu kile kile, kaka ulipataje nafasi Marekani na hiyo lipidi ni nini hasa, mbona sisi tulisoma maboila na viwanda vya saruji. Kujibu mmoja mmoja siwezi tena kwaiyo naandika hapa.

Lipidi ni jamii ya mafuta, lakini hizi ninazosema mimi zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukizitia kwenye maji zinajipanga zenyewe, vichwa nje mikia ndani, unapata utando wa safu mbili wenye unene wa kama nanomita 4 au 5 (nanomita ni mita moja ukiigawanya mara bilioni), na utando ukijifunga unakuwa kifuko. Utando wa kila seli mwilini mwako umejengwa hivyo. Ndani ya kifuko kama hicho unaweza kubeba dawa, na watu wameshafanya, dawa ya saratani iitwayo Doxil iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, na chanjo za korona za Pfizer na Moderna mRNA yake, yani yale maelekezo ambayo seli inayasoma, imefungwa ndani ya chembe za lipidi za aina nne zenye ukubwa wa karibu nanomita 100. Sasa mhandisi kemikali anaingia wapi? Anaingia kwenye kuchanganya. Ukichanganya haraka unapata chembe ndogo, ukichelewa zinakuwa kubwa, na ukitoka mililita moja ya maabara kwenda mapipa ya kiwandani lazima mtu ajue namna ya kupata chembe ile ile. Hiyo ni kazi yetu kabisa, ni yale yale ya kuchanganya na kuhamisha joto tuliyoyasoma mwaka wa tatu.

Profesa wangu amekaa na hizi lipidi zaidi ya miaka 35. Alianza wakati hadubini ya elektroni, ile inayotumia elektroni badala ya mwanga, ilikuwa haiwezi kuona kitu chenye maji, maana ndani ya mashine ni ombwe tupu, hakuna hewa, na maji yanachemka yanaondoka. Ni mwanzoni mwa miaka ya 80 ndipo Jacques Dubochet na wenzake kule Heidelberg walipoweza kugandisha maji kwa kasi mpaka yakawa kama kioo, bila fuwele za barafu, na 2017 yeye na Joachim Frank na Richard Henderson wakapata Nobel kwa kazi za namna hiyo. Profesa alijifunza njia hiyo akiwa kijana na hajaiacha. Ameitumia kwenye vifuko vya dawa, kwenye chembe za nano, kwenye mapafu, kila mara kitu kipya lakini swali ni moja, hivi vitu vinajipangaje, na nimeona?

Hilo la mapafu ndilo lililonishika mimi. Mtoto wa dada yangu alizaliwa njiti, na nilipokuwa nasoma chuo sikujua kwa nini alikuwa anahangaika kupumua vile, kifua kinaingia ndani kila pumzi. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa vilivyolowana, na maji yana tabia ya kujivuta kwa nguvu, yanataka kukifunga kifuko. Mtu mzima ana utando wa lipidi juu ya yale maji unaoishusha ile nguvu mpaka karibu na sifuri akitoa pumzi, mtoto njiti bado hajatengeneza lipidi hizo za kutosha. Mary Ellen Avery na Jere Mead walilionyesha hilo mwaka 1959, na 1980 daktari wa Japani, Tetsuro Fujiwara, akaripoti watoto 10 aliowapa dutu hiyo iliyotolewa kwenye mapafu ya ng'ombe. Leo ni dawa inayookoa watoto. Ni mafuta tu yale! Siku nilipoyasoma haya nikaacha kuulizana na nafsi kama nimechagua fani sahihi, na mpwa wangu saivi yuko darasa la nne.

Sasa ushauri wenyewe. Mwaka wangu wa pili nilikuwa natengeneza vifuko vya lipidi na kuvipima kwa mashine ya mwanga, ile inayokadiria ukubwa wa chembe kwa mwanga zinaoutawanya, unaweka sampuli, dakika tatu inakupa grafu yenye kilima kimoja kizuri, nanomita 120. Nilifurahi sana na nikaendelea hivo miezi minane, mahesabu yote ya dawa kiasi gani kwa kila kifuko nilifanya kwa namba hiyo. Siku nawasilisha mbele ya profesa hakuuliza kuhusu mahesabu, aliuliza umeviona? Sikuwa nimeviona. Wiki iliyofuata tukakaa wote kwenye hadubini mpaka saa nne usiku, na kwenye picha tukakuta vingi mno ni vidogo, nanomita 30 hivi, alafu vichache vikubwa.

Mashine haikukosea. Chembe zilizo ndogo kuliko wimbi la mwanga zinatawanya mwanga kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara sita, yani chembe kubwa mara 10 inang'aa mara milioni moja, kwaiyo wakubwa wachache wanawafunika wadogo wote. Fomula hiyo nilikuwa nayo kwenye daftari toka mwaka wa kwanza. Miezi minane ya mahesabu nikairudia, na bado inaniuma.

Ila na picha nayo usiiamini haraka. Tone la sampuli unaliweka kwenye kiwavu cha shaba cha milimita 3, unalifyonza na karatasi libaki tabaka jembamba sana, unalitumbukiza kwenye ethane ya kimiminika, yani gesi iliyopozwa sana, ligande kama kioo. Watu wanauliza kwa nini isiwe naitrojeni moja kwa moja, ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeona tone la maji likirukaruka kwenye kikaango cha chapati kilichopata moto? Linaelea juu ya mvuke wake. Naitrojeni nayo ikiguswa na sampuli ya joto inachemka, mvuke unaizingira sampuli, kupoa kunachelewa na fuwele zinajitengeneza. Na lile tabaka katikati ni jembamba kuliko pembeni, kwaiyo chembe kubwa zinasukumwa kwenye kingo, ukipiga picha katikati tu utasema sampuli yako ni ndogo ndogo zote. Na ukiiacha sampuli kwenye elektroni muda mrefu zinaichoma. Kwahiyo piga picha sehemu nyingi bila kuchagua zile nzuri, hesabu mamia, alafu linganisha na mashine ya mwanga, zikipishana usilale mpaka ujue kwa nini.

Kuna mtu ataniambia huku nilipo hadubini ya elektroni hakuna. Naelewa, nimetokea huko huko. Agnes Pockels alikuwa msichana wa Ujerumani, chuo wanawake hawaruhusiwi, akaanza kuchunguza uso wa maji jikoni kwao kwenye maji ya vyombo, akatengeneza beseni la bati lenye kipande cha kusogeza, na mwaka 1891 akamwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, ambaye alihakikisha barua ile inatoka kwenye jarida la Nature. Vifaa vya kupima tando za lipidi tunavyotumia leo vinafuata beseni lile. Chukua karai, nyunyizia pilipili manga juu ya maji, gusa na tone la sabuni uone inavyokimbia, alafu kaa chini uandike kwa nini. Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa karne ya 18, alimwaga kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham pale London akaona maji yametulia eneo la karibu nusu eka. Gawanya mililita 5 za kijiko hicho kwa mita za mraba 2000 za nusu eka, utapata nanomita 2 na nusu, karibu na urefu wa molekyuli moja, na hesabu hiyo unaifanya kwa kalamu tu.

Ukimwandikia profesa usianze na sifa zako wala GPA. Soma kazi yake moja vizuri, chagua picha moja, muulize kitu ambacho picha ile imekufanya ujiulize, mistari kumi inatosha. Mimi hivyo ndivyo nilivyojibiwa, baada ya barua pepe zaidi ya arobaini ndefu ambazo hakuna aliyezijibu. Na akikuita kwenye mahojiano muulize swali moja: wanafunzi wanakaa wenyewe kwenye hadubini, au wanapeleka sampuli kwa fundi na kusubiri picha? Akisema wanasubiri picha, endelea kuandikia wengine.