Maswali ya Wasomaji: Betri Iliyokufa kwa Njaa

SWALI: Salamu wahariri. Mwaka jana nilinunua paneli ya jua ya wati 50 na betri ya volti 12, ampea-saa 100. Nawasha ampule nne na televizio, nachaji na telefone za wateja. Miezi minane tu, betri imekufa: ikifika saa mbili usiku, giza. Na makala ya kupikia bado nanunua. Haya maendeleo ya teknolojia yanayosifiwa kila siku yanamfaa nani?
Mama fundi cherehani, Birere, Goma

JIBU: Pole sana, Mama. Betri yako ilikufa kwa njaa. Tupige hesabu. Ampule nne za wati 5, saa tano kila usiku: wati-saa 100. Televizio ya wati 40, saa tano: 200. Telefone sita, 10 kila moja: 60. Jumla 360 kwa siku. Paneli ya wati 50 hupata jua la nguvu kamili kwa saa nne hivi, yaani 200, na robo yake hupotelea kwenye nyaya na ndani ya betri. Zinabaki 150. Basi kila siku unakopa 210.

Betri ina wati-saa 1200 (volti 12 mara ampea-saa 100), lakini betri ya risasi kama yako haifai kushushwa chini ya nusu. Siku ya tatu umeshavuka mpaka. Ikikaa hivyo wiki nzima, sahani za risasi zilizo ndani yake huota chumvi nyeupe ngumu, na chumvi ile ikishakomaa hakuna chaji ya kuiondoa.

Kwa matumizi yako inahitajika paneli ya wati 150, na regulata (kifaa cha kusimamia chaji) ya ampea 20 kati ya paneli na betri. Usikubali fundi aunge paneli moja kwa moja kwenye betri. Waya pia una neno: ukiwa wa mita 10 na unene wa milimita mraba 2.5, unakula zaidi ya volti moja, na betri inayotaka volti 14.4 ili ijae inaweza kuchelewa kujaa. Chukua wa 6. Nunua na kipima volti. Betri iliyopumzika saa mbili ikionyesha 12.7 imejaa, ikionyesha 12.2 imefika nusu, zima televizio.

Hapa Goma kuna jambo moja zaidi. Wengi huongeza maji ya mvua kwenye betri. Mvua yetu hupita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo na kushuka na asidi na chumvi zinazokula sahani. Tumia maji yaliyotoneshwa tu (mvuke uliopozwa ukawa maji tena), baada ya kuchaji, yafunike sahani kwa kimo cha sentimita moja. Majivu ya volkano nayo hutanda juu ya paneli. Ioshe asubuhi kabla haijapata moto, na uiinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iikokote taka.

Kuhusu kupika, tusidanganyane: jiko la umeme la wati 1000 kwa saa moja linakula wati-saa 1000, na nusu ile ya betri yako ni 600 tu. Bado mbabula (jiko la makala), ila uchague ile yenye udongo ndani, na maharagwe yalale kwenye maji usiku kucha.

Yanamfaa nani? Kwa mtambo uliouzwa namna hii, anayefaidika kwanza ni muuzaji asiyeuliza utawasha nini. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikivunjika, mbao na mpira wa tairi vinapatikana katiye (mtaa) ile ile, na kijana wa kuitengeneza yupo. Mtambo wa jua nao utakufaa siku fundi wa jirani atakapojua hesabu hii.

SWALI: Kobalti inatoka Kongo, betri zinarudi kwetu kwa bei kali. Tumefaidika nini?
Mwanafunzi, Kadutu, Bukavu

JIBU: Kidogo mno, ndugu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwetu, hasa upande wa Kolwezi, lakini huondoka ikiwa unga usiokamilika na kusafishwa zaidi China. Kazi yenye malipo makubwa inabaki huko. Ila jua hili unapochagua betri ya nyumbani: ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma haina kobalti hata kidogo. Ya ampea-saa 100 inatoa kama wati-saa 1000 bila kuumia, wakati ya risasi inatoa 600. Weka regulata kwenye hali ya lithiamu. Ikiachwa kwenye hali ya risasi, inaweza kuisukumia volti nyingi kupita kiasi.

SWALI: Betri ya zamani niitupe wapi?
Baba wa watoto watatu, Katindo

JIBU: Usiitupe, na usikubali mtu ayeyushe risasi uani, hata kama ni ya kutengenezea vizito vya nyavu. Vumbi na moshi wake huingia kwenye damu ya watoto na kuharibu ubongo wao. Asidi usiimwage pia: mawe yetu ya lava yana matundu, yanapitisha kila kitu chini. Simamisha betri wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na watoto, umpe mnunuzi anayeichukua nzima na asidi yake ndani. Ikivuja, mwagia majivu ya jikoni mpaka povu liishe, ukiwa na glavu mkononi.